Koti la Babu wa Sultani

Palikuwa na Sultani wa Tumbawe, tumbo kubwa, majigambo makubwa zaidi. Kila mwaka aliwaalika wageni wasikie babu yake alivyomshinda Jumbe wa ng'ambo, halafu akawaonyesha makoti mawili ya vita: la babu, na la Jumbe lililotekwa. Makoti pacha. Mekundu, kola ya buluu, vifungo tisa vya shaba. Fundi aliyeyashona alikuwa mmoja, maana mtu wa biashara hana upande vitani. Yalionyeshwa yamekunjwa, yakatofautishwa na vijikaratasi tu, basi.

Mwaka huo yakapelekwa kwa dobi, Bi Mwanakheri, ambaye pia hutia viraka. Vijikaratasi vikayeyukia kwenye beseni.

"Utanitajia la babu kabla wageni hawajaingia," Sultani akanguruma. "Nalivaa leo. Ukishindwa, jela!"

Kwanza akaitwa bingwa wa mavazi wa ikulu. Jamaa alikuwa na qualifications zote, hasa ile ya kumwoa binti wa Sultani. Nafasi yenyewe haikutangazwa popote, tumeshazoea. Akahesabu vifungo. Tisa. Akahesabu vya koti la pili. Tisa. Akasema utafiti unaendelea, akaagiza chai.

"Haya, dobi!"

"Maulana, babu yako alipiganaje?"

"Kifua mbele! Hakuwahi kumpa adui mgongo."

"Na Jumbe?"

"Alitimka kama kuku aliyeona kisu!"

"Basi kazi rahisi. Hili limechanwa na mikuki mara tatu, zote kifuani. Lile lina tundu moja tu. Nyuma, Maulana. Pale pa kukalia."

"La kifuani ndilo la babu! Nivisheni!"

Wakamvisha. Vifungo tisa, hakikufungika hata kimoja. Mikono ikaishia kwenye viwiko.

"Limenywea! Umelifua kwa maji ya moto, mwanamke wewe!"

"Yote nimeyafua beseni moja. Jaribu la pili."

La pili likamkaa kama ngozi yake. Tumbo likaingia likatulia, limefika kwao. Mkwe akapiga makofi, kisha akakumbuka tundu, akaificha mikono.

"Babu... babu alikuwa mwembamba," Sultani akasema.

"Picha yake si hiyo ukutani? Tumbo limejaza fremu, uso umebanwa pembeni."

Ukumbini wageni walishaanza kukohoa.

"Unasema babu yangu alikimbia?"

"Mie? Astaghfirullah! Mie nafua tu, wa kusema ni wenye vyeti. Pengine alikuwa anawahi nyumbani kutangaza ushindi."

"Jela! Sasa hivi!"

Bi Mwanakheri akachomeka sindano yake kwenye ukingo wa khanga, akawafuata askari. Mlangoni akageuka.

"Basi mbele ya wageni, Maulana, fanya kama babu: usiwape mgongo. Mtia viraka yuko jela."