Taarifa Kavu ya Meneja Lukuba

Siwema wa kiwanda cha sabuni aliuzima mtambo mbovu. Meneja Lukuba akapita, akauwasha kwa kidole chake mwenyewe, sabuni ya moto ikafurika hadi barabarani.

"Taarifa ya ajali utaiandika wewe uliyekuwa zamu," meneja akamwambia. "Mimi nasema, wewe unaandika. Ukiongeza tukio hata moja, huna kazi!"

Akasema: Siwema alikuwa zamu. Mtambo ulizimwa. Meneja alifika. Mtambo uliwaka. Sabuni ilimwagika.

"Mbona kavu hivi, bosi?"

"Basi itie viungo! Vile vya 'kwa hiyo' na 'hata hivyo'. Wakubwa wanavipenda."

"Viungo tu?"

"Viungo tu!"

Lukuba akaipitia harakaharaka, akaona matukio ni yale yale, akatia saini. Kesho yake mkurugenzi akaisoma mbele ya wote:

"Siwema alikuwa zamu, kwa hiyo mtambo ulizimwa. Hata hivyo, meneja alifika. Kwa sababu hiyo, mtambo uliwaka, na matokeo yake sabuni ilimwagika."

"Siyo yangu hiyo!" Lukuba akafoka.

"Mchuzi ni wako, bosi," Siwema akamjibu. "Mimi nimetia viungo tu."