Radhi Huombwa kwa Miguu

Radhi huombwa kwa miguu. Ndivyo nilivyosema, na nitarudia kama hamkusikia. Mbazi amemtukana baba yake mdogo mbele za watu, kisha amemwandikia kwenye simu neno moja, sori, na sasa anashangaa mbona hajibiwi. Mimi ningeshangaa kama angejibiwa.

Hiyo sori yenu imenichosha. Mtu akipiga chafya, sori. Akikukanyaga, sori. Ukifiwa na mama yako, anakuja na sori ile ile. Sisi tuna pole ya mwenye msiba na ya mwenye mzigo, tuna samahani, tuna kumradhi, tuna msamaha, na tuna radhi, ambayo ni nzito kuliko zote. Lakini msidhani kuwa na maneno mengi ndiko kujua kuomba. Alikuwapo mtu aliyekuwa nayo yote, akayatumia yote, na yote yakamrudia mlangoni. Kaeni basi, mkinisimamia hivyo nasahau. Methali hii chanzo chake ni huko kwetu Upareni, na mtu mwenyewe aliitwa Mrindoko.

Mrindoko alilima tangawizi upande mmoja wa bonde. Dada yake mkubwa, Nakunda, mjane, alilima mahindi ng'ambo, kwenye mteremko aliogawiwa na baba yao kabla hajafa. Mrindoko hakuupenda mgao ule. Aliona udongo mzuri vile haufai kupewa mwanamke, na tangu walipomzika mzee hakukanyaga tena kwa dada yake. Walikutana kanisani na misibani, wakasalimiana, basi.

Maji yao yalitoka kwenye ndiva, bwawa la udongo tunalolijaza kwa kijito. Mfereji mmoja ulitoka hapo, ukagawanyika, tawi hili kwa Mrindoko, lile kwa Nakunda, na watu walipeana zamu. Zamu ya mtu haiguswi. Kwetu unaweza kumnyima mwenzio chumvi na bado mkasalimiana, lakini si maji.

Mwaka huo mvua ilikatika mapema. Mahindi ya Nakunda yalikuwa yanatoa mbelewele, wakati ambao hayawezi kusubiri. Siku ya zamu ya Nakunda, Mrindoko aliona tangawizi yake inageuka manjano. Akaliziba tawi la dada yake kwa udongo na majani ya migomba, maji yote yakaja kwake. Alijiambia ni zamu moja tu. Wanawake waliokuwa wakitoka kuni walimwona, kwa hiyo kijiji kizima kilijua. Mpaka zamu nyingine ifike, jua lilikuwa limeshamaliza kazi.

Nakunda hakumgombeza, wala hakumshtaki kwa wazee. Alisema tu kwamba kwa Mrindoko hatakanyaga. Na hapo ndipo taabu ilipoanza, maana Naelijwa, binti wa Mrindoko, alikuwa anaolewa Jumamosi, na wakati ule kwetu binti hakutoka ndani kwa baba yake ila ameshikwa mkono na shangazi. Shangazi mwenyewe alikuwa mmoja.

"Baba," Naelijwa alisema, "bila shangazi mimi sitoki."

Mrindoko akakosa raha. Anashika jembe, analiacha. Anakaa kula, anainuka kabla hajashiba. Anatoka nje kutazama ng'ambo, anarudi ndani akigombana na kila kiti. Mkewe akimwambia, "Nenda kwa dada yako," anajibu, "Nitatuma mtu."

Akamtuma jirani apeleke pole. Nakunda akajibu, "Siumwi wala sijafiwa. Pole yake ampe mwenye homa."

Akamtuma tena, mara hii na samahani. Nakunda akasema, "Samahani ni ya mtu anayepita mbele ya wanaokula. Yeye hakupita, alikaa akala."

Mrindoko akahangaika zaidi. Akamwendea mzee Kajiru wa kanisani, mwenye ulimi wa asali, akamwomba apeleke neno kubwa kabisa, radhi. Nakunda alimpa mzee uji, akamsikiliza mpaka mwisho. "Maneno mazuri, mzee," akasema, "ila umeyasema kana kwamba shamba umelikausha wewe."

Maneno yakawa yameisha. Mrindoko akatuma mbuzi. Mbuzi akarudi jioni ile ile, pamoja na ujumbe: "Huyu hakuziba mfereji." Ndiyo, chekeni. Hata kijiji kilicheka, lakini nyumbani kwa Mrindoko hakuna aliyecheka.

Ijumaa asubuhi Naelijwa aliwakuta wanawake wakichambua mchele wa harusi, akawaambia waache. Hakulia, na hilo ndilo lililomtisha baba yake. Mrindoko akachukua fimbo akaondoka kwa hasira, akisema dada yake anataka kumwaibisha. Njia nzima alikuwa akipanga maneno, lipi litangulie na lipi lifuate. Alishuka bonde, akaanza kupanda, jasho likimtoka, mpaka akaingia kwenye mahindi ya Nakunda, kwa sababu njia inapita humo humo.

Yalikuwa yamesimama makavu, yanachakarishwa na upepo. Alimenya hindi moja, akakuta punje chache kama meno ya kizee. Akamenya la pili. Akamenya la tatu. Kwake lilikuwa jambo la zamu moja, na hapa lilikuwa chakula cha mwaka mzima cha mtu.

Alipofika uani, maneno yote aliyoyapanga yalikuwa yamempotea.

"Dada," alisema, "nimepita shambani."

"Umeliona."

"Nimeliona. Ni mimi niliyelikausha."

Nakunda aliweka chini ungo wake. "Tangu tumzike baba hujakanyaga hapa," alisema. "Sasa umetuma pole, umetuma samahani, umetuma mzee wa watu, umetuma hata mbuzi. Wote wameupanda mlima huu. Wewe umekaa."

"Niliona haya, dada."

"Ungekuja nayo hiyo haya. Ningeipokea."

Mrindoko akakaa chini, mwanamume mzima, akalia. Nakunda akamwacha alie mpaka akatosheka.

"Mahindi hayatafufuka," akamwambia.

"Najua."

"Mwaka huu nitakula kwako."

"Utakula kwangu, dada. Na nitakuletea mwenyewe."

Nakunda akanawa mikono, akajifunga kanga yake nzuri. "Inuka twende," alisema. "Mtoto wetu anatungoja."

Jumamosi, Naelijwa alipokuwa anavishwa, uvumilivu ulimshinda. Alitaka kujua ni neno gani lililomlainisha shangazi yake, maana pole ilishindwa, samahani ikashindwa, na radhi nayo ikashindwa mdomoni mwa mzee wa kanisa.

"Shangazi, baba alikuambia nini hata ukakubali?"

Nakunda alimshika mkono, akamwinua amtoe nje. "Hakuniambia kitu nisichokijua," alisema. "Alikuja. Radhi huombwa kwa miguu, mwanangu."