Sura Iliyonywewa

Wamesimulia waliotutangulia kwamba katika mji mmoja wa Hadhramaut, zama za kale, aliishi binti mcha Mungu aitwaye Unaisa. Baba yake alikuwa mwalimu wa Kurani, na alipofariki, Mwenyezi Mungu amrehemu, chuo chake kilibaki bila mtu. Unaisa akaomba akishike yeye. Wazee wa mji walisitasita kwa sababu ya ujana wake, kisha wakasema, "Haya, wasomeshe. Mwisho wa Shaabani kadhi atakuja kuwasikiliza watoto. Wakishindwa, chuo tutampa mwingine."

Baba yake alikuwa akisema kwamba hakuna raha duniani kama kusomesha. Unaisa aliitafuta raha hiyo kila siku asiione. Huyu kavunja kalamu ya mwenziwe, yule analala mdomo wazi, mwingine kaja na mwanambuzi. Aya waliyoisoma asubuhi, ikifika adhuhuri haipo. Na aliyewashinda wote ni Lubna, binti wa muuza asali, ambaye kichwani mwake aya hazikukaa lakini maswali hayakuisha.

"Mwalimu, malaika wanalala saa ngapi?"

"Hawalali. Soma."

"Basi hawachoki?"

"Wangekusomesha wewe wangechoka. Soma, Lubna!"

Kisha Unaisa humwomba Mola wake msamaha kwa kuwasemea malaika.

Ilikuwa ada ya chuo kile kwamba mtoto akihifadhi sura aliyoandikiwa kwa wino ubaoni, huosha ubao wake, na maji yale hayamwagwi njiani bali huyanywa kwa kutaraji baraka. Siku moja kabla ya kadhi kuja, Unaisa aliwaandikia wote Suratul Humaza, akawaambia waihifadhi, naye akaingia ndani kuswali. Alipotoka alikuta mbao zimeanikwa juani, nyeupe, na watoto wanajifuta midomo.

"Alhamdulillahi! Mmehifadhi wote?"

"Bado, Mwalimu," akajibu Lubna. "Tumeinywa."

"Mmeinywa?"

"Yote. Mimi nimekunywa na ya mdogo wangu, yeye hapendi wino."

Unaisa aliketi chini palepale. "Laa haula wala kuwwata illa billahi! Nyie watoto, nimewakosea nini?"

Jioni shangazi yake alimpa shauri. "Mwanangu, kesho Lubna abaki kwao, useme anaumwa tumbo. Kwa wino ule hata uongo si mkubwa. Wengine wasome Suratul Fiil wanayoijua, nawe useme ndipo mlipofika. Kadhi atajuaje?"

Chuo kile ndicho pekee Unaisa alichoachiwa na baba yake, na shauri lile lilikuwa jepesi.

Asubuhi kadhi akaja, akawasalimu, akauliza kwa upole, "Mmefika sura gani, binti yangu?"

Jina la Al-Fiil lilikuwa limekwisha kufika ulimini. Unaisa akalimeza. "Jana niliwaandikia Al-Humaza, ewe Kadhi. Hawakuihifadhi. Wameinywa."

Kadhi akawageukia watoto. "Nani aliyetoa shauri hili?"

Lubna akanyoosha kidole. "Mimi, babu."

"Kwa nini?"

"Mwalimu anarudia, anarudia, mpaka sauti inamkauka. Tukasema sura ikiingia yenyewe, atapumzika."

Unaisa aliinamisha kichwa. Siku zote alidhani wanamchezea.

"Na imeingia?" akauliza kadhi.

"Haikuingia," akasema Lubna kwa huzuni. "Imeniumiza tumbo tu."

Kadhi akavuta mkeka, akaketi kando. "Basi, Mwalimu, msomeshe. Nami nipo."

Unaisa akaanza. Lubna akaruka aya, akarudishwa, akairuka tena. Unaisa akajipiga paja. "Si hapo! Umekimbilia wapi? Rudi!" Jasho likamtoka, sauti ikaanza kukauka, naye akazidi kurudia. Jua lilikuwa limekwisha kupanda juu Lubna alipoisoma sura tangu mwanzo hadi mwisho bila kukwama, akabaki amekodoa macho kama aliyemsikia mtu mwingine akisoma. Unaisa akacheka kwa sauti, akamkumbatia, akasahau kabisa kwamba anapimwa.

Alipogeuka, mkeka ulikuwa mtupu. Kadhi alikwisha kuvaa viatu vyake na kumwambia shangazi mlangoni, "Waambie wazee, chuo kina mwenyewe. Sikutaka kumkatiza."

Enyi ndugu zangu, tusidhani kwamba mwenye subira hakasiriki. Unaisa alikasirika tangu asubuhi hadi jioni, lakini hakuwaacha watoto wale, wala hakuwasemea uongo ili yeye apate sifa. Mwenyezi Mungu awarehemu walimu wetu, waliotuchoka wasituache.