Amri ya Bwana Hoza

Paliondokea sokoni Korogwe mama mmoja mjanja, Mwanatumu, aliyeuza daftari za karatasi zilizorejelezwa. Siku moja akajiwa na Bwana Hoza, mwenyekiti wa soko na tajiri wa mayai.

"Hizi ni takataka zilizopondwa zikakaushwa. Mwenye akili hanunui! Fungasha, uondoke."

Mwanatumu akapiga magoti. "Sawa, baba. Ila watasema umenionea. Itangaze iwe amri ya wote: karatasi ya namna hii isionekane sokoni, hata iwe ya nani."

Hoza akafurahi, akapanda juu ya benchi. "Atakayekutwa nayo, yeye na mali yake nje!"

Watu wakapiga makofi. Mwanatumu akajifunga kibwebwe, akaenda moja kwa moja kwenye kibanda cha mwenyekiti, akaanza kuyapanga mayai chini, moja moja.

"We mama, una wazimu?"

"Natii amri, baba. Trei zako zote ni magazeti na maboksi makuukuu, yamepondwa yakakaushwa. Natupa trei. Mayai nikuwekee kwenye kofia?"

Soko zima likaangua kicheko. Yai moja likaanza kubingirika kuelekea mtaroni. Hoza akalikimbilia, akaliokoa, kisha akapanda tena juu ya benchi.

"Jamani," akasema, "nilikuwa natania."