Kodi ya Nyumba ya Bukini

Palikuwa na sultani aliyeitwa Badrudini, mtawala wa mji wa Shungi, mwenye kasri kubwa na hazina tupu. Siku moja akatoa amri: kila anayelala katika mji wake atatozwa kodi kwa nyumba zake zote alizopangisha, hata zikiwa ng'ambo. Watu wakadhani ni mzaha. Haukuwa mzaha. Bwana yule alitaka kodi ya kodi.

Matajiri walisikia mapema, wakaziandikisha nyumba zao za ng'ambo kwa majina ya wajomba na mashemeji. Akanaswa Bi Mwanakombo, mjane, msokota kamba za makumbi ya nazi. Marehemu mumewe, baharia, alimwachia nyumba moja ya mawe kisiwani Bukini. Mwenyewe hakuwahi kuiona. Alichojua ni kwamba mshona kanzu mmoja wa huko kaipanga.

Na nyumba ile, wenzangu, ilikuwa lafi. Mwaka ule mpangaji alilipa vizuri, lakini kimbunga kikaezua paa. Mwanakombo akaagiza kodi yote itumike kuezeka upya. Haikutosha. Akauza bangili zake za fedha. Fundi alipopanda, ukuta ukaporomoka. Akauza kitanda. Mwisho wa mwaka Bukini kulikuwa na paa zuri ajabu, na mwenye paa alikuwa analala chini, kwenye mkeka.

Mhazini wa sultani hakutaka kuyasikia hayo. Kodi si ulipokea? Basi lipa. Aliposema hana, askari wakaja kibandani kwake, wakamtoa nje, wakafunga mlango, na ufunguo wakampelekea sultani. Mwanakombo akawafuata nyuma hadi barazani, makumbi mkononi, akisokota njiani, maana kamba ya watu ilikuwa haijaisha.

Baraza lilikuwa limejaa, na wale matajiri walikaa mbele. Mwanakombo akaeleza habari ya kimbunga, ya ukuta, ya bangili na kitanda. Sultani alimsikiliza akitabasamu, ufunguo ukimning'inia kidoleni.

"Bibi, nijibu jambo moja tu," akasema. "Kodi ya nyumba iliingia, haikuingia?"

"Iliingia, Maulana. Iliingia mlangoni, ikatokea darini."

Watu wakainamisha vichwa kuficha vicheko. Sultani hakucheka. Akamweleza taratibu, kama anayemfundisha mtoto, kwamba sheria yake ina vifungu viwili. Faida ikipatikana ng'ambo huhesabiwa Shungi, kwa sababu mwenye faida analala Shungi. Hasara ikipatikana ng'ambo hubaki huko huko ilikotokea, na hapa haitambuliwi. Mhazini akatikisa kichwa kukubali. Matajiri nao wakasema ni sheria nzuri sana.

Mwanakombo akaacha kusokota, akayaweka makumbi chini.

"Nataka nielewe, Maulana. Faida yangu imevuka bahari?"

"Imevuka."

"Na hasara yangu?"

"Haikuvuka. Haina ruhusa."

"Kwa hiyo mwenye faida ni mtu wa hapa?"

"Wa hapa hapa. Ni raia wangu."

"Na mwenye hasara?"

"Huyo wa Bukini," sultani akasema, na sasa alikuwa amechoka. "Mimi simjui, wala simtozi. Kila mtu hapa amesikia."

"Wamesikia," akasema Mwanakombo. "Basi, Maulana, askari wako wamekosea mtu. Aliyeuza bangili ni mimi. Aliyeuza kitanda ni mimi. Mwenye hasara ndiye huyu umwonaye. Na huyu umeshasema humtozi."

Sultani akamtazama Mwanakombo, akawatazama watu, akaona kwamba neno limekwisha kutoka na masikio yote yale yamelipokea. Kulirudisha ni aibu. Akautoa ufunguo kidoleni, akampa askari, askari akampa Mwanakombo. Mwanakombo akashukuru kwa adabu, akaufunga pembeni mwa kanga yake, akaokota makumbi na kugeuka kwenda zake.

Lakini sultani ni sultani, hakutaka baraza livunjike yeye akiwa ndiye aliyeshindwa.

"Ngoja, bibi," akamwita. "Hasara tumeiona. Na yule mwenye faida, raia wangu, nitampata wapi nimtoze?"

Mwanakombo akageuka mlangoni.

"Hata mimi, Maulana, mwaka mzima namtafuta. Ukimkamata mlete kwangu kwanza, maana kodi yangu ya nyumba anayo yeye."