Binti Aliyekataa Kuchechemea

Mfikirieni, wapendwa, binti mmoja wa jimnastiki, mchezo ule wa kuruka na kujipindua ambao mkiuona kwenye televisheni mnasema huyu hana mifupa. Alichukuliwa kwao angali mtoto mdogo, akalelewa na mwalimu mkali, na kabla hajamaliza shule alikuwa amekwisha kuvaa rangi za taifa lake.

Mwalimu yule alikuwa na tabia moja. Binti akianguka, yeye humpa mgongo. Hamwinui, anageuka tu kutazama ukuta, na wasichana wenzake nao wanajifanya wanafunga bandeji zao. Tena aliwafundisha jambo kwa siri: “Ukianguka, shika kifundo cha mguu. Chechemea. Aliyeumia watu humhurumia. Aliyeanguka humcheka.”

Binti akalishika somo. Alianguka mbele ya mataifa, akashika kifundo, akatolewa kwa machela, na mguu wenyewe mzima kama huu wangu! Magazeti yakaandika ameumia vibaya. Watu wakamlilia. Lakini mwalimu alikuwa anaujua ukweli, maana uongo ulikuwa wake. Akamwambia, “Wewe umekwisha. Nina watoto wengine.”

Basi akaenda chuo kikuu, asome na kukiwakilisha chuo chake mashindanoni. Siku ya kwanza ya mazoezi akapanda boriti. Boriti hiyo ni mti mwembamba, upana wake kiganja hiki, umeinuliwa usawa wa kifua cha mtu mzima, na wao wanarukaruka juu yake kama wako sebuleni. Akateleza, akaanguka. Wasichana wakapiga makofi na vigelegele. Akawageukia, macho mekundu.

“Mnanicheka?”

“Tunakushangilia,” akajibu nahodha wao, msichana mwenye mabega mapana na mdomo usiolala.

“Nimeanguka!”

“Tumeona, bibie, hatujapofuka. Sasa panda umalize, wenzio tuna njaa.”

Hakuelewa. Alikaa nao miezi akiwatilia shaka, akisubiri siku watakayomgeuka. Mtu aliyezoea kupewa mgongo, ukimpa uso anadhani unamtafutia ugomvi. Si ndivyo tulivyo wengi wetu? Mtu anakupenda bure, wewe unauliza anataka nini.

Ikafika fainali ya vyuo. Ukumbi umejaa pomoni. Na pale mstari wa mbele, karibu kabisa na boriti, amekaa nani? Yule mwalimu wa zamani, amekuja kutazama wasichana wa kuchukua kwenye timu yake. Binti alikuwa tayari juu ya boriti alipomwona. Akaruka kinyumenyume, mguu mmoja ukaikosa boriti. Puu! Chini.

Mchezo ule unampa aliyeanguka nafasi ya kupanda tena na kumaliza, lakini muda wake ni mfupi, saa inakimbia. Akiwa pale kwenye godoro, ikamfikia sauti aliyoitii tangu utotoni.

“Kifundo! Shika kifundo, we mtoto! Usijiaibishe!”

Na mkono, wapendwa, ukaanza kwenda wenyewe. Ndiyo! Hakuuamuru. Dhambi iliyozoeleka haingojei ruhusa. Mkono umeshapita goti, unateremka, na huku nahodha anapayuka upande wa pili, “Panda! Panda hivyo hivyo, muda bado!”

Daktari wa uwanja akamkimbilia na mkoba. “Umeumia wapi, binti?”

Hapo ndipo palipokuwa na vita yenyewe. Jibu moja, na ukumbi mzima unamlilia, na jina lake linabaki safi. Jibu lingine, na kila mtu anajua kwamba bingwa wa taifa ameanguka kama mtoto anayejifunza. Ungejibu lipi wewe?

Binti akauzuia ule mkono. Akasimama wima, akasema kwa sauti iliyofika mstari wa mbele na kuupita: “Sijaumia. Nimeanguka.”

“Una hakika? Maana naweza kuwaambia majaji—”

“Daktari, mguu wangu mzima. Nimeanguka tu. Naomba unipishe.”

Akapanda. Akaruka kinyumenyume tena, pale pale palipomwangusha, akasimama. Alipotua akainua mikono kuwasalimu majaji, kama ilivyo desturi yao, kidevu juu, machozi yanatiririka na wala hayafuti.

Alama yake ikatoka, ndogo kuliko za wenzake wote. Mashindano yalipokwisha mwalimu akamfuata.

“Shikamoo, Mwalimu,” binti akasema.

Hakuitikia. “Umejianika bure. Ile alama yako mbovu hata hawakuihesabu. Wameitupa!”

Na alisema kweli. Katika mashindano yale ya vyuo wanapanda wasichana sita, zinahesabiwa alama za watano walio bora, na ya chini kabisa inaachwa. Wenzake watano walikuwa wamesimama imara. Chuo kikatwaa kombe, na binti huyu amevaa shingoni medali ile ile waliyovaa wao.

Akamtazama machoni. “Ni kweli, Mwalimu, wameitupa. Mimi nilipoanguka kwako, ulinitupa mimi ukalihifadhi anguko langu. Hawa wamelitupa anguko, wamebaki na mimi.”

Sasa sisi. Tunaingia humu kila Jumapili tunachechemea, na miguu mizima! “Mchungaji, mke wangu ndiye aliyenirudisha kwenye pombe.” “Ni marafiki wale.” “Ibilisi alinipitia.” Nami simo nje ya hesabu hiyo, najua njia nyingi za kuchechemea kwenye madhabahu hii hii. Tunataka kuhurumiwa, hatutaki kusamehewa. Mungu wetu ni mponyaji, ndiyo, lakini jeraha la uongo ataliponyaje? Na anguko ulilolifunga bandeji, nani atakusaidia kulitupa?

Sikusemi ili uone aibu. Aibu ndiyo inayotulaza chini! Ninasema ili umkasirikie yule mshitaki wako, Ibilisi, aliyekufundisha kudanganya, kisha akakutupa kwa sababu ya uongo ule ule. Umemtii miaka mingapi? Alikupa nini? Leo mkatalie mbele za watu. Mwambie, nimeanguka, umeona, na hawa wote wameona, na bado napanda!

Ndugu yangu uliyekaa kule nyuma, wewe unayejua kwamba ninasema nawe: mkono huo uko wapi saa hizi? Uachie mguu. Simama, uje.