Taa za Tela la Bwana Mchomvu

Ng'ombe wa Namkunda alikula maua ya Bwana Mchomvu, tajiri wa mlimani, naye tajiri akamkamata na kumfungia ndani ya tela lenye kuta ndefu ili akamuuze mnadani. Alipokaribia kizuizi cha polisi akagundua kwamba taa za tela haziwaki, na fundi pekee wa umeme wa magari mahali pale alikuwa Namkunda mwenyewe.

"Tengeneza upesi, mama," akaamrisha. "Mnada haunisubiri."

"Sawa, mzee. Ila kazi hii ni ya watu wawili. Wewe kaa kwenye usukani ukanyage breki, mimi nitazame nyuma. Injini usizime."

"Na ng'ombe wako je, humlilii?"

"Huyo? Ana mateke. Kanyaga!"

Akakanyaga.

"Achia! Kanyaga tena! Ya kulia imewaka, ya kushoto bado. Waya wa bodi umeshika kutu. Sasa kanyaga, usiachie hata kidogo. Nikinyamaza, ujue naufuata waya."

Akanyamaza kitambo kirefu. Tajiri akakanyaga mpaka goti likaanza kutetemeka.

"Umelala huko?" akafoka.

"Nimesharudi, mzee," Namkunda akajibu akihema. "Zote zinawaka. Safari njema."

Kwenye kizuizi, askari alizikagua taa, akazisifu, kisha akaja dirishani.

"Uko sawa, mzee. Mlango wa tela tu haukufungwa vizuri, nimeukaza. Tela tupu hupiga kelele sana njiani."